Picha ya Kabla

Zoezi la mwisho la kozi lilitaka picha mbili tu: ufukwe kabla haujasafishwa, na ufukwe uleule baada ya kusafishwa. Wiki sita Shamsa alikuwa ameifuata kozi hiyo kwenye simu, akiwasuka watu nywele ili apate bando. Iliitwa Utunzaji wa Mazingira na Ustahimilivu wa Jamii. Mwalimu wake, mzungu wa sweta aliyetabasamu hata alipotaja mafuriko, alisema cheti kitafungua milango. Shamsa aliutaka mlango mmoja tu. Shirika moja pale Mwanza lilikuwa limemwita kwenye usaili Jumatatu, kwa sharti aje na cheti hicho, na diploma yake ilikuwa imelala kabatini mwaka wa tatu sasa.

Kikundi chao cha zoezi kilikuwa cha watu wanne. Kiongozi alikuwa Chenge, kijana wa shati lililonyooka na maneno yasiyokwisha. Sabina na Nurdin kazi yao ilikuwa kumwitikia. Shamsa ndiye aliyewaambia habari za mwalo, ufukwe wa wavuvi, alikoishi shangazi yake Mwaija, ng'ambo ya Kamanga. Pale dagaa huanikwa kwenye nyavu zilizotandikwa juu ya mchanga, na wanawake huufagia ufukwe kila alfajiri, maana dagaa akishaingia uchafu hanunuliwi na mtu wa kula. Anakwenda kwa kuku, kwa bei ya kutupa. Shamsa alidhani kikundi kitakwenda kuwauliza wanawake wale wanawezaje.

Chenge alifurahi mno kusikia kuna ufukwe safi. Furaha ile ingemshtua Shamsa, lakini akili yake yote ilikuwa Jumatatu.

Jumamosi wakavuka kwa kivuko. Nurdin na Sabina walibeba viroba vilivyofungwa midomo, na vilinuka hata abiria wengine wakasogea. Shamsa alipouliza, Chenge akamjibu kuwa ni vifaa vya zoezi.

"Shikamoo, shangazi," wakaamkia wote kwa adabu.

"Marahaba, wanangu. Kuleni kwanza, kazi haikimbii."

Akawapakulia ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha. Chenge alikula kichwa cha samaki hadi mifupa ikalia, akanawa, akashukuru. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kumkaribisha Chenge.

Shangazi alipoingia ndani kuosha vyombo, wageni wakateremka ufukweni. Chenge, Sabina na Nurdin wakaazima reki za wanawake, wakajipanga kwenye mchanga uliofagiwa asubuhi, wakatabasamu. Shamsa akapiga picha kwa simu yake, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na kamera ya maana.

"Safi. Hiyo ndiyo ya baada," Chenge akasema.

"Ya baada ya nini?"

"Sasa tupige ya kabla." Na akafungua kiroba.

Taka za stendi ya Buzuruga zikamwagika. Pampasi zilizovimba, chupa za mikojo ambazo abiria hurusha dirishani, matumbo ya kuku yaliyokwisha kuoza, mifuko, na maji meusi yasiyo na jina. Nzi walifika kabla kiroba cha pili hakijafunguliwa. Sabina, mtandio puani, alikuwa akielekeza: ile pampasi isogee majini kidogo, ionekane vizuri. Nurdin aliisogeza kwa ncha ya kiatu. Na bado vidole vya Shamsa vikapiga picha ile, kama mtu anayetumwa dukani.

"Si tungekwenda tu fukwe za mjini?" Shamsa akasema. "Chafu tayari zipo."

"Zile utazisafisha mpaka uzeeke. Hapa kazi ilishafanywa."

"Haya, basi tuokote."

Chenge akatazama saa yake, akajipaka sanitaiza mikononi. "Kivuko kitatuacha, dada. Halafu tumefundishwa nini wiki zote hizi? Hii ni jamii stahimilivu. Wataokota."

Hakuwa anatania. Hilo ndilo lililomchefua Shamsa kuliko uvundo wenyewe: alilisema kwa uso wa mwanafunzi aliyelielewa somo. Kisha akamkumbusha atume picha kabla ya saa kumi na mbili, na watatu wale wakaita bodaboda, wakaondoka na viroba vitupu, maana vilikuwa vya kuazima.

Upepo wa ziwani ukafanya yaliyobaki. Mifuko ikaruka hadi kwenye nyavu, na chupa moja ikabiringika juu ya dagaa, ikapasuka kifuniko. Shangazi Mwaija alitoka akifuta mikono kwa kanga. Aliinama, akachota dagaa kiganjani, akanusa.

"Huu ni wavu wa jirani yangu Rebeka," akasema. "Hawa sasa ni wa kuku."

Hakumgombeza mpwa wake. Aliita wenzake, nao wakaja na makarai, wakaanza kuokota kwa mikono mitupu mavi ya watoto wasiowajua. Hakuna aliyemwangalia Shamsa.

Simu ikatetemeka kwa ujumbe wa Chenge. Umetuma? Ikatetemeka tena. Usituangushe, kumbuka Jumatatu yako. Chenge aliongeza na kikatuni cha dunia ya kijani kinachocheka.

Alikumbuka. Aliitaka kazi ile kiasi cha kuiota. Akajiona keshokutwa mbele ya meza ya usaili, cheti mkononi, akiulizwa juu ya jamii, na akatema mate mchangani kwa kinyaa.

Akafungua ukurasa wa zoezi. Palipoandikwa Kabla akaweka mchanga uliofagiwa na wenzake watatu wenye tabasamu. Chini yake akaandika: Mwalo ulivyokuwa tulipofika. Palipoandikwa Baada akaweka pampasi, nzi na maji meusi. Chini yake: Tulivyouacha.

Ukurasa ukadai majina ya waliofanya kazi hiyo. Akayaandika yote manne, akaanza na lake, akatuma.