Mashindano ya Agosti

Gervais alitokea Uvira, Kongo. Alipata karatasi zake za ukaazi London mwaka 1999, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuogesha na kulisha wazee katika nyumba moja ya mtaa wa Edmonton. Jumapili, baada ya misa, alikwenda kuvua kwenye kijito kinachoingia mto Lea. Aliyempeleka huko ni Yogesh, mfamasia aliyezaliwa Mwanza, katibu wa klabu ya wavuvi. Katika klabu nzima ni wao wawili tu waliokuwa si Wazungu.

Sheria ilikuwa kumrudisha kila samaki majini. Mwanzoni Gervais aliiona upuuzi, na mkewe Josée alimcheka kwa kurudi mikono mitupu. Lakini akaizoea, kisha akaishika kuliko waliomfundisha. Alilowesha mikono kabla ya kumgusa samaki, akamchomoa ndoana bila kumtoa majini, akamshikilia kichwa kikielekea mkondo hadi apige mkia mwenyewe.

Agosti 2003 joto lilizidi. Kijito kikakauka hadi mawe yakatokeza, na samaki wa sharubu wakajibana katika shimo moja chini ya daraja. Wavuvi wote wakawafuata hapohapo. Samaki mmoja aliweza kunaswa mara mbili kwa wiki, midomo imechanika. Gervais alitumbukiza kipimajoto: nyuzi ishirini na nne, joto mno kwa samaki wale. Akamsihi Yogesh azungumze na mwenyekiti, mashindano ya mwaka yaahirishwe. Maji ya moto hayana hewa, alisema, na samaki akishachoka, hata ukimrudisha atakufa.

Yogesh alijibu kwamba wageni walikwisha kualikwa, na kwamba yeye mwenyewe alingoja miaka tisa kupewa ukatibu.

Walikuja watu thelathini. Samaki walirundikwa kwenye nyavu wakisubiri mizani, na baada ya mizani, picha. Gervais hakuvua. Aliingia majini hadi kiunoni, na Yogesh, kwa kuona haya, akawa anamshushia samaki mmoja mmoja awashikilie wapate nguvu. Wengine walijitahidi wakaondoka. Kumi na mmoja waligeuka matumbo juu.

Mwanamke aliyekuwa akitembeza mbwa alimwona kutoka darajani, mtu mweusi amekumbatia samaki mkubwa. Akaiandikia klabu kwamba wahamiaji wanaiba na kuua samaki. Kamati ilikuwa inatafuta wa kumtwika wale waliokufa, ikampata. Gervais alifukuzwa bila kuitwa. Mukhtasari wa kikao uliandikwa na Yogesh.

Gervais alimfuata dukani.

“Uliwaambia kwamba wale samaki ni wewe uliyenipa?”

Yogesh aliendelea kupanga chupa. “Hawakuniuliza, ndugu yangu.”

“Mimi nakuuliza.”

“Nina watu wa kuishi nao hapa, Gervais.”

Gervais alitoka, akaenda zamu yake.

Mwezi wa kumi alipita darajani na binti yake, Keren. Klabu ilikuwa imesimamisha kibao kipya, kwa lugha nne: kuchukua samaki ni kosa, mwizi atashtakiwa. Maneno ya chini kabisa yalikuwa ya Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili kizuri, kisicho na kosa hata moja.

Keren aliuliza kwa Kiingereza nani huko klabuni anajua lugha yao.

“Mmoja tu,” baba yake akasema.