Turubai Lililotambaa Mwankoko

Siku ya ndoa ya binti yake mkubwa, Mama Rukaya wa kijiji cha Mwankoko alikosa kitu kimoja tu: kivuli cha kutosha. Turubai lilikuwa kubwa, lakini jirani yake, mzee Alute, alikataza hata kamba isiguse uwanja wake wa kuanikia alizeti. Nusu ya turubai ikabaki imekunjwa, nguzo zimebanana upande mmoja, na wakwe kutoka Itigi wanatota jasho juani.

"Watanisema mpaka wajukuu," alilalamika.

Rukaya, mdogo wa bibi harusi, anasoma baiolojia kidato cha sita. Akacheka. "Fanya kama seli, mama. Kila seli mwilini mwako ina kiunzi ndani, vijiti vyembamba vinavyoipa umbo. Havikai pale milele. Seli ikitaka kusogea inabomoa vya nyuma, inajenga mbele, ngozi inasukumwa. Inatambaa polepole tu."

"Na mimi ninazo hizo?"

"Tele."

"Ndiyo maana natanuka kila mwaka."

Sisi vijana wa shughuli tukamkalisha mzee Alute kiti cha mbele, alizeti nyuma yake. Wasichana wakapanga foleni kumwamkia. Sasa shikamoo lazima iitikiwe, na mzee yule akishasema marahaba huuliza ukoo wako mpaka kwa babu. Kila alipouliza, sisi tulichomoa nguzo ya nyuma, tukaichimbia mbele, upande wa alizeti, tukakunjua kitambaa kidogo. Salamu zilipoisha, wakwe wote walikuwa kivulini, wamekaa katikati ya alizeti.

Mzee akageuka. Akaenda kwenye nguzo ya mbele kabisa akaing'oa.

Upande mzima ukalegea kama chapati, ukamfunika yeye na wakwe. Ilibidi aisimamishe tena haraka, na kwa kuwa shimo lilishabomoka, akabaki ameikumbatia.

"Shikilia hivyo hivyo, mzee wangu," akasema baba wa bwana harusi. "Shehe hajamaliza kufungisha ndoa."

Mama Rukaya akaja na firigisi. "Yako hii, mzee Alute."

"Nitaishika na nini?"

Akamtilia mdomoni. Mzee akatafuna, macho kwenye alizeti yake iliyokanyagwa.

"Kesho utaipepeta yote wewe."

"Mimi na wanangu."

"Haya." Akaegemea nguzo vizuri zaidi. "Na paja liko wapi?"