Nyota ya Bwenini Ndani ya Boksi la Giza

Na itangazwe kwa wote wenye masikio, pamoja na wanaojifanya hawasikii, kwamba likizo hii sayansi ya anga ilinipokea rasmi kuwa mtaalamu wake mdogo kuliko wote. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye stuli na kutogusa kitu.

Maabara ni ya shangazi, dada yake baba. Anapima kihisi cha mwanga kitakachofungwa kwenye satelaiti, kidude cha ukubwa wa kucha kinachoona hata mwanga hafifu kabisa. Huko juu mionzi hukijeruhi, kikaanza kuona mwanga usiokuwepo. Basi shangazi alikipiga mionzi huku huku chini, akakifungia kwenye boksi jeusi, kompyuta ikawa inahesabu uongo wake.

Yeye alipokwenda kikaoni na fundi wake akaenda kunywa chai, nilifungua mfuniko nikabandika ndani nyota ya plastiki inayong'aa gizani, niliyoibandua kwenye dari ya bweni letu. Nilitaka wahamaki kidogo, tucheke, yaishe.

Hawakuhamaki. Hesabu ziliruka juu, kisha zikashuka taratibu mchana kutwa, kadiri nyota ilivyofifia. Jioni shangazi aliitazama chati mpaka machozi yakamlenga.

"Kinajiponya chenyewe! Miaka miwili nahangaika na hita ya kukipasha moto kipone, kumbe haihitajiki. Leo leo naandika iondolewe."

Bila hita, kihisi kingeharibika huko ambako hakuna fundi wa kupanda kukitengeneza, na sahihi kwenye ripoti ingekuwa yake.

"Mama, ngoja kwanza," fundi akasema. "Hesabu zimeruka saa nne na dakika kumi. Mimi nilikuwa kwenye chai, wewe kikaoni. Humu alibaki nani?"

Wakanigeukia wote wawili.

"Acha kunichekesha," shangazi akasema. "Huyu utundu wake ni wa shuleni. Kazi yangu hawezi kuichezea, nimemlea mwenyewe." Akaniwekea mkono begani. "Hebu mwambie, baba."

Angenitukana ningevumilia. Hilo "baba" ndilo lililonimaliza.

"Shangazi, usiandike," nikasema. "Ni mimi. Nimebandika nyota kwenye mfuniko, kwa ndani. Hakijapona chochote."

Fundi akainamisha kichwa, kana kwamba aibu ni yake. Nikaendelea kusema, nikataja hata kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimejiandaa kucheka. Mkono ulitoka begani kwangu kabla sijamaliza.