Misa ya Shukrani ya Machage

Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilibomoka Buhemba Jumanne, saa nne asubuhi, na watu wawili wakabaki chini. Mmoja alikuwa Boniphace, mume wa Pelagia. Wa pili alikuwa Machage wa Bunda, ambaye alikuwa amechimba naye dhahabu miaka sita.

Pelagia alikuwa kwenye cherehani yake Mwisenge, Musoma, anapinda sketi ya shule, simu ilipoita. Aliiacha sketi na sindano ikiwa bado imezama kwenye kitambaa. Kabla ya kuondoka aliwaita wanawe, Rhobi wa miaka kumi na mmoja na Susana wa miaka sita.

"Baba yenu amefukiwa na kifusi," aliwaambia. "Lakini Mungu atamtoa. Nyie ombeni tu. Atamtoa."

Watoto wakabaki kwa jirani, wakaomba. Rhobi aliomba asubuhi kabla ya kwenda shule, akaomba mchana chooni kwa sababu ndipo palipokuwa na utulivu, na jioni alimshika Susana mikono ili asisinzie kabla ya Amina.

Kule Buhemba, Pelagia alikaa kando ya shimo na Marcelina, mke wa Machage. Walikuwa wanajuana kwa salamu tu. Sasa walikalia kanga moja na kusali rozari moja, huyu akianza, yule akiitikia. Wanaume walichimba kwa zamu, wakitoa udongo kwa ndoo.

Siku ya sita, sauti ilisikika kutoka chini. Watu wote wakanyamaza. Marcelina na Pelagia wakashikana mikono, kila mmoja akisikiliza kama ni ya kwake.

Aliyetolewa hai alikuwa Machage. Boniphace alitolewa saa tatu baadaye, amefunikwa.

Walimzika kwao, kijijini Butiama. Rhobi hakulia. Alisimama kando ya kaburi amemshika mdogo wake, na padri alipowaambia watu waombe, alifunga mdomo. Waliporudi Musoma hakuomba tena. Wakati wa chakula Susana alikuwa anaanza, "Kwa jina la Baba," na Rhobi anaendelea kukata ugali.

Pelagia alimwacha wiki mbili. Wiki ya tatu akamuuliza, wakiwa wanaanua nguo.

"Mwanangu, mbona huombi?"

"Ulituambia Mungu atamtoa baba."

"Nilisema."

"Tuliomba wote. Na wa kwa Machage waliomba. Kwa hiyo Mungu aliwasikia wao, sisi akatuacha?"

Pelagia alitaka kumjibu kwa maneno aliyoyasikia msibani, kwamba Mungu humchukua anayempenda. Akaona hawezi. Aliweka shuka begani.

"Rhobi, nilisema jambo ambalo Mungu hakuniambia. Nilikuwa naogopa, nikamsemea. Nisamehe, mwanangu. Kwa nini baba yako hakutoka, mimi sijui."

"Sasa kama hujui, unamuombaga nini?"

"Namuomba asiniache peke yangu na hili swali."

Rhobi akaingia ndani na kikapu cha nguo.

Mwezi uliofuata Marcelina alikuja mwenyewe kutoka Bunda. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akazungusha kikombe cha chai bila kunywa.

"Mama Rhobi, Jumamosi tuna misa ya shukrani. Machage alisema nisikwambie, ni kukutonesha kidonda. Mimi nikaona usipoisikia kwangu utaisikia kwa watu."

"Tutakuja," Pelagia alisema.

Marcelina alipoondoka, Rhobi alitoka chumbani. "Mimi siendi kumshukuru Mungu kwa baba wa mtu mwingine."

"Na mimi sitaki," mama yake akajibu. "Moyo wangu hautaki kabisa. Lakini yule mama alilia na mimi siku sita. Nisiende kufurahi naye siku moja? Twende hivyo hivyo, na kinyongo chetu. Mungu anakiona."

Walienda. Kanisani walikaa benchi la nne. Machage alikuwa mbele, amekonda, mkono mmoja umefungwa bandeji. Watu walipoimba na kupiga vigelegele, Pelagia aliimba machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Susana aliimba kwa sababu aliujua wimbo. Rhobi alitazama sakafu.

Baada ya misa kulikuwa na wali na sato nyumbani kwa Machage. Alipowaona, alisimama, akashindwa kuwatazama usoni.

"Shemeji, nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini? Kupona si kosa."

Ndipo Rhobi akamsogelea. "Baba alikuwa anasema nini kule chini?"

Machage alimtazama Pelagia. Pelagia akatikisa kichwa kumruhusu.

"Nisikudanganye, binti," Machage alisema. "Baba yako aliogopa sana. Mguu wake ulikuwa umebanwa na jiwe. Alilia. Halafu aliomba, halafu akalia tena. Alikutaja wewe, akamtaja Susana, akamtaja mama yenu. Alimwambia Mungu, 'Sielewi, lakini niko hapa.' Mara nyingi alisema hivyo. Siku ya nne nikamwita, hakuitika."

Rhobi alikaa chini pale pale, kwenye mchanga wa uani, na gauni lake la kanisani, akalia kwa mara ya kwanza tangu Buhemba. Alilia kwa sauti mpaka wageni wakaacha kula. Pelagia akakaa naye chini. Hakumwambia anyamaze. Marcelina alileta maji, akakaa nao pia.

Jumatatu asubuhi, Musoma, chai ilikuwa mezani na Susana ameshakunja mikono. Rhobi akamwambia, "Ngoja. Leo naomba mimi."

Akafumba macho.

"Mungu, bado nimekukasirikia. Mama anasema unajua. Mtunze baba. Na sisi usituache. Basi."

"Amina," Pelagia alisema.

"Amina," alisema Susana, halafu akauliza soksi yake moja iko wapi, na wote watatu wakainama kuitafuta chini ya kitanda, maana saa moja ilikuwa imekaribia.