Shangazi Pembeni mwa Picha

Jumamosi alasiri, fundi alipomaliza kuifunga projekta kwenye dari ya sebule, shangazi ndiye aliyefagia vumbi la saruji lililodondokea makochi. Kaka yake, mwenye nyumba, alikuwa amekwisha kumkalisha mkewe na watoto. Kila mwaka, siku kama ile, walitazama mkanda wa harusi yake, ila safari hii ungejaa ukuta mzima, macho yashibe.

Mkanda wenyewe ulikuwa wa zamani, umehamishiwa kwenye flashi, na picha yake ilikuwa na nukta chache za rangi. Projekta ilikuwa ya kisasa, ya picha ang'avu, isiyopenda ukuta ukae bure. Iliivuta picha, na kila palipopungua nukta ilikisia kwa kutazama za jirani. Basi maharusi walipoketi na ndugu zao kupigwa picha, projekta iliona pengo kati ya bwana harusi na mama mkwe wake, ikamweka shangazi.

Alikuwa bado kijana, amevaa gauni la zambarau aliloshona kwa ajili ya siku ile ya harusi lakini hakupata kulivaa, maana alishinda jikoni na masufuria, na alipoulizia habari za picha aliambiwa asubiri kidogo.

"Gauni limekukaa, shangazi," alisema binti mkubwa, akaendelea kutafuna bisi.

Shangazi alisimama kwenye mlango wa jikoni na ufagio wake. Alifurahi mpaka akasahau kufagia. Yeye ndiye aliyemsomesha kaka yake kwa cherehani, na miaka yote hiyo alikuwa akijitafuta kwenye mkanda ule, hata kisigino asikione. Sasa alikuwepo, tena mstari wa mbele, anacheka meno yote nje.

Mke wa kaka hakupendezwa. Alisema hana neno na wifi yake, lakini bega lake linamziba marehemu mama.

Fundi alieleza kwamba mashine haina kosa, imejaza palipokuwa wazi. Kuna nyumba ambako ilimweka mbwa aliyekuwa amefungiwa uani. Wakitaka, ataizuia isivute picha, ionyeshe nukta kama zilivyokuja. Picha itakuwa ndogo katikati ya ukuta, na pembeni kutabaki weusi.

"Dada, unasemaje?" kaka aliuliza.

Shangazi hakuzoea kuulizwa jambo katika sebule ile. "Niacheni nikae hapo," alisema.

"Ni mkanda tu, dada. Usiutie moyoni." Akamwashiria fundi aendelee.

Fundi akabonyeza, picha ikanywea mpaka ikawa sawa na dirisha. Mama mkwe akaonekana mzima. Shangazi wa kwenye mkanda, kwa kukosa pa kukaa, alinyanyuka, akashika pindo la gauni lisiburuzike, akatoka kwenye picha na kusimama kwenye ule weusi wa pembeni, akiwatazama maharusi wakikata keki.

Watoto walimpungia mkono. Mama yao aliuliza kama atasimama pale mpaka mwisho. Fundi alisema kwa kawaida husimama.

"Hapo hasumbui mtu," kaka alisema, akajinyoosha kwenye kochi. Kisha, bila kugeuka, akamwomba dada yake afunge mlango wa jikoni, mwanga unaingia.

Shangazi akaufunga, yeye akiwa upande wa jikoni.