Mashine ya Chee na Laini Moja ya Simu

"Na akifa?" Mzee Nkwabi aliuliza. Alikuwa anaizunguka ile mashine juu ya kaunta kama anavyomzunguka ng'ombe mnadani, nusura aifunue mdomo ahesabu meno.

Muuzaji, kijana mtanashati aitwaye Venant aliyekuja Mpanda kwa treni kutoka Dar es Salaam, alicheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, kidato cha nne nimemaliza, na kazi yangu ilikuwa kukaa na simu dukani kwa baba yangu, Mzee Mikidadi. Nilijiona mjanja kuliko wazee wote wa wilaya.

"Mashine haifi, mzee wangu. Inaharibika."

"Ndiyo nauliza hivyo. Akiharibika?"

Ilikuwa mwaka 1999. Mashine yenyewe ilikuwa na kioo kidogo kuliko sahani ya wali na vitufe vyepesi vya plastiki. Bei yake ilikuwa chee, haifiki hata ya baiskeli, ila ukiichukua unatia sahihi mkataba wa miaka mitatu: kila mwezi unalipia intaneti, utumie usitumie. Na kila ukitaka kusoma kitu, mashine inapiga simu Dar kwa laini yako na kuishikilia mpaka umalize.

Kwa Nkwabi biashara ya namna hiyo haikuwa ngeni. Wasukuma wenzake walipohamia kwetu na mifugo walikuja na desturi ya kuwekeana ng'ombe: nakukabidhi jike langu umchunge, maziwa unakunywa wewe, ndama ni wangu. Akifa unaniletea ngozi niione, basi, hatudaiani.

"Sasa huyu," alisema, akiigusa mashine kwa ncha ya fimbo, "akifa mwaka wa kwanza, Mikidadi akiwapelekea ngozi yake huko Dar, mambo yameisha?"

Venant alifungua karatasi zake, akasoma, akazifunga, akazifungua tena. "Mkataba unaendelea," alisema mwishowe.

"Hata ngozi mmeiona?"

"Hata hivyo, mzee."

Nkwabi alimgeukia baba kwa huruma. "Mikidadi, hapa hujawekewa ng'ombe. Uliyewekwa ni wewe."

Kicheko kilinikauka. Ile mashine nilikuwa naitaka mpaka usingizi unanipaa. Kaka yangu Iman alikuwa Muscat, na barua yake ya mwisho ilikuwa na zaidi ya mwaka. Mwishoni alikuwa ameandika anwani ya imeli na maneno haya: nitafuteni huku, posta imenishinda. Kila wiki mama aliniuliza, mimi msomi, "huku" ndiyo wapi.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache. "Rabia, mkaa na simu ni wewe. Utakalosema ndilo hilo hilo."

Venant aliona biashara inamponyoka, akanisaidia kumwandikia Iman imeli jioni ile ile. "Jumamosi tutafungua muone wenyewe," alisema. "Ila kufungua kwa majaribio ni mara moja. Mkikata, inayofuata ni ya mkataba."

Jumamosi, saa nne kasorobo asubuhi, tukachomoa waya kwenye simu tukauchomeka kwenye mashine. Ikakwaruza, ikapiga mluzi, ikakohoa. Mama, aliyevaa kitenge kipya kana kwamba tunapokea mgeni, akauliza kama inaumwa. Kisha maneno yakatokea: Mama hajambo? Mimi mzima. Nawatumia picha.

Picha ilianza kushuka kutoka juu, mstari mmoja mmoja, taratibu kuliko asali ya Inyonga wakati wa baridi. Kwanza ukuta mweupe. Halafu nywele. Likaja paji la uso, ambalo mama alilitambua kabla yangu, akakaa chini pale pale sakafuni. Nilifurahi, nasema kweli, sijui kama nimewahi kufurahi vile tena.

"Dada Rabia," sauti iliita dirishani, "mbona leo hailii?"

Alikuwa Bernadetha, mke wa mvuvi wa Ikola. Alikuja kwa lori la dagaa, siku mbili njiani. Mumewe alikuwa amelazwa Dar akisubiri operesheni, na muuguzi alikubali kumwazima simu ya wodi kwa dakika tano, Jumamosi hiyo, saa nne. Niliiandika mimi mwenyewe kwenye daftari la simu zinazosubiriwa. Leo simu ziko mifukoni hadi kwa wachunga ng'ombe wa Majimoto, lakini wakati ule mtu hakuwa na simu, alikuwa na saa yake kwa Mikidadi. Na mimi nilikuwa nimeisahau ya kwake.

Ilikuwa saa nne na dakika mbili.

"Bado muda gani?" nilimwuliza Venant.

"Dakika saba. Labda kumi."

Macho ya Iman yalikuwa yameshatokea, na nusu ya pua. Mama hakugeuka. "Mdomo, Rabia," alisema. "Nione mdomo tu, kama anacheka."

Nikachomoa waya.

Simu ililia hata sijaiweka sawa. Bernadetha aliishika kwa mikono miwili. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo. Watoto hawajambo. Ndiyo, baba Kalisti, nipo." Nyuma yake kioo kilikuwa cheusi na mama bado amekaa sakafuni.

Nilimwambia baba hapana, na Venant akaondoka na mashine yake. Nilimwomba akifika Dar amtumie Iman imeli moja tu: namba yetu, na saa yake, Jumamosi saa tano. Mama hakunisemesha siku mbili, na sikumlaumu. Lakini Jumamosi iliyofuata alitoka akaketi kwenye benchi la nje pamoja na wasubiri simu wengine. Nilimwambia kuna kiti ndani. Akakataa, akasema wenye zamu wanakaa pale.

Jumamosi ya tatu, saa tano na dakika sita, simu ililia. Nilipotoka kumwita nikamkuta ameshasimama. Alisikiliza, kisha akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Anacheka," aliniambia.