Tata Josias Alipoweka Sikio Mezani

Tele Makao ilianzia katika gereji ya Tata Josias Kisimba, pale Kolwezi, mwaka aliostaafu kazi ya mgodini, chini ya ardhi. Alitaka chaneli ambayo baba anaweza kuitazama pamoja na binti zake na mama mkwe wake bila mtu kurukia rimoti kwa aibu. Alitundika pazia la bluu ukutani, akaweka meza ya mbao na Biblia, na kila alasiri akasoma zaburi. Mkewe, Mama Angèle, alipika mbele ya kamera huku akiongea na wanawake juu ya ndoa. Watoto wa kwaya waliimba. Fundi wao, Zéphirin, alivuta waya nguzo kwa nguzo, paa kwa paa, mpaka Musonoi, kwenye nyumba za mwisho kabisa zinazotazama shimo la mgodi.

Watu waliipenda. Hata familia za Waislamu waliotoka Maniema, wafanyabiashara na wenye malori, waliomba kuvutiwa waya. Mama Bilkisi, muuza vitenge wa Musonoi, alisema ndiyo chaneli pekee anayoweza kuwaachia watoto akienda sokoni.

Tata Josias alikufa kwa ugonjwa wa mapafu wakati wa mvua. Binti yake Chancelle akashika kipindi cha alasiri. Kanda za baba yake hazikuwepo tena. Chaneli ilikuwa maskini, na kila kanda ilirekodiwa juu ya nyingine. Jambo hilo lilimuuma Mama Angèle kuliko alivyosema. Picha za ukutani alikuwa nazo, lakini sauti ya mume wake haikubaki popote.

Kiangazi kilipofika, Mama Bilkisi alikuja gereji, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mama Angèle, sikuja kwa ubaya," alisema. "Nataka kujua tu. Kwa nini Tata Josias mnamwonyesha kwetu Musonoi peke yetu?"

Chancelle alimtazama mama yake. "Mama Bilkisi, hatuna kanda ya papa hata moja. Kila alasiri ni mi njo niko mu écran, mimi mwenyewe."

"Kwetu ni yeye. Anasoma zaburi. Majirani wote wanakuja kumwona."

Kesho yake Mama Angèle alipanda pikipiki ya taxi-moto akaenda Musonoi. Sebule ya Bilkisi ilikuwa imejaa. Watu walikaa kwenye mikeka, magoti kwa magoti, na wengine walisimama ukutani. Katika kiwanja cha parsele ya jirani, nyuma ya turubai la rangi ya chungwa, vijana wachimbaji walikuwa wakichimba chini kwa chini, wakifuata mawe ya kobalti. Milio ya nondo zao ilipenya sakafu. Hakuna aliyeshangaa, watu waliongeza sauti ya televisheni tu.

Simu ya Mama Angèle ikalia. Alikuwa Zéphirin, kutoka studio. "Mama, Chancelle eko hewani sasa."

Lakini kwenye kioo hakuonekana Chancelle. Lilionekana pazia la bluu, meza, na Josias. Alivaa sweta yake, trikoti ya kahawia ambayo Mama Angèle mwenyewe alikuwa amempa shemeji yake baada ya msiba. Alisoma zaburi kwa ile sauti yake ya kukwaruza, akipumzika mahali palepale alipozoea kupumzika. Kisha akafunga kitabu, akainama, akalaza sikio juu ya meza. Akabaki hivyo, macho wazi.

"Zamani alisoma tu," Bilkisi alinong'ona. "Sasa kusoma kunapungua. Kusikiliza kunaongezeka."

Mama Angèle aliijua ile namna ya kuinama. Chini ya ardhi, kabla ya kuruhusu watu wake waingie, Josias alikuwa akilaza sikio kwenye mwamba. Mwamba ukiwa mzima, aliwaita kwa mkono. Ukiwa mbovu, aliwasukuma nyuma kwa kiganja. Alimweleza mkewe hayo mara nyingi walipokuwa vijana, na yeye alikuwa akicheka.

Siku zile alirudi Musonoi kila alasiri. Hakumwambia mtu kanisani. Alivaa vizuri, akajipaka mafuta, akakaa karibu na kioo. Zéphirin ndiye aliyeingiwa na hofu. Alikuwa amepima waya wote, nguzo hadi nguzo, na hakuona ulipounganishwa na kitu kingine.

"Mama, niache niukate," alisema. "Kile kintu hakitoke kwetu."

"Ukikata ule waya, unamuzika mara ya pili."

"Na kama si yeye?"

"Tuliishi naye maisha yote, Zéphirin. Usinifundishe bwana yangu."

Habari zilienea. Watu walikuja kutoka mitaa mingine, wakabeba viti, wakapanga watoto mbele. Alasiri moja sebule ilijaa hata mlango haukuweza kufungwa. Mama Angèle alikuwa mbele kabisa. Josias hakufungua Biblia. Alilaza sikio mezani tangu mwanzo, akakaa hivyo muda mrefu mpaka mtoto mmoja akaanza kulia.

Kisha akainua kichwa. Akamtazama Mama Angèle, akatabasamu, akanyoosha mkono, vidole vikijikunja polepole. Alikuwa anaita.

Watu wakasogea. Hakuna aliyeambiwa, waliburuta mikeka mbele, kama watu wanaosogelea moto wakati wa baridi. Mama Angèle alikuwa tayari amesimama. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Aliinua mguu.

Hapo akahisi kitu kimepungua. Milio ya nondo haikuwepo. Chini ya nyumba palikuwa kimya, na kimya kile hakikumpendeza. Alipiga magoti katikati ya watu, akaondoa mkeka, akalaza sikio kwenye saruji, kama mume wake alivyokuwa akifanya. Alisikia kitu kikisagika polepole, mbali chini, kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Vumbi jembamba lilikuwa likipanda kutoka kwenye ufa, likimgusa shavu.

Alimtazama Josias. Mkono bado uliita.

"Mutoke," alisema. Hakupaza sauti. "Mutoke inje. Bote. Mubebe batoto."

"Mama, lakini tata anatuita," mzee mmoja alisema.

"Mi namuona. Mutoke."

Bilkisi ndiye aliyetii kwanza. Aliwashika watoto wake mikono akawavuta, na wengine wakafuata, wakisukumana mlangoni, wakigeuka nyuma kutazama kioo. Mama Angèle alitoka mwisho, akitembea kinyumenyume. Mpaka hatua ya mwisho, yule mwanamume aliendelea kukunja vidole, akitabasamu, wala hakuharakisha.

Sakafu ilikwenda yote kwa pamoja. Kuta zilifuata, kisha paa, na waya ukavutika kutoka nguzoni ukazama ndani ya shimo kama kamba ya ndoo. Wachimbaji walikuwa wamekimbia mapema, udongo ulipoanza kuwadondokea. Hakufa mtu.

Jumapili Chancelle alitoa ushuhuda hewani. Alisema baba yake alirudi kuwaonya watu wa Musonoi, na alilia kweli. Wachungaji walikuja, wafadhili wakafuata, na chaneli ikafika Likasi, kisha Lubumbashi. Leo historia ya Tele Makao huanza na kisa hicho. Kila sikukuu ya kuzaliwa kwa chaneli walimwomba Mama Angèle azungumze, naye alisema tu, "Tulitoka wote," akarudi kukaa. Baadaye alihamia Nzilo, kwa mdogo wake, karibu na bwawa.

Bilkisi alimtembelea huko. Waliketi uani wakimenya muhogo, wakaongea juu ya watoto na bei ya vitenge. Kisha Bilkisi akaweka kisu chini.

"Mama, Chancelle anasema baba yake alituonya."

"Nimesikia."

"Mimi niliuona mkono. Alikuwa anatuita."

Mama Angèle aliendelea kumenya mpaka akamaliza kipande alichoshika. "Alikuwa anatuita," alisema.

"Basi hakuwa yeye."

"Sijui. Ile njo inaniogopesha. Kama si yeye, nani alivaa trikoti yake na kunitazama vile? Na kama ni yeye, alitaka nini na sisi?"

Bilkisi alisogeza kigoda chake karibu. "Ungemwendea?" aliuliza.

"Nilikuwa nimekwisha kusimama," alisema Mama Angèle.